Kuthibitisha kingamwili ya AQP4 kwenye vipande vya ubongo, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile, yanabadilika maneno tu: nimenunua kingamwili, nimeipaka kwenye kipande cha ubongo wa panya, mishipa ya damu imewaka vizuri kabisa, naweza kuanza kuhesabu? Bado. Mishipa ya damu inaweza kuwaka vizuri bila kingamwili yako kugusa hata chembe moja ya AQP4, na picha hiyo ya uongo inafanana mno na picha ya kweli. Utaona hapa chini inavyotokea.

Mfano wa mwongozo huu ni akwaporini-4, yaani AQP4. Tumeichagua kwa sababu ina karibu mitego yote ya protini za astrosaiti (seli za ubongo zenye umbo la nyota zinazohudumia niuroni) kwa pamoja. Ukiweza kuithibitisha hii, GFAP, protini ya nyuzi za ndani ya astrosaiti, itakuwa kazi nyepesi.

Nadharia unayohitaji ni fupi. AQP4 ni mlango wa maji kwenye utando wa seli. Ndani ya ubongo iko hasa kwenye astrosaiti, na imejikusanya kwenye nyayo zao, zile ncha bapa zinazokumbatia mishipa ya damu na kutandaza ukingo wa ubongo chini ya utando wa nje. Ina maumbo mawili makuu: M1 yenye asidi amino 323, uzito wa takriban kDa 34 (kDa ni kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini), na M23 yenye asidi amino 301, takriban kDa 32. Tofauti yao ni asidi amino 22 za mwanzo, ambazo M23 haina. Mkia wa mwisho, ule wa C, uko ndani ya seli, na kingamwili nyingi zinazouzwa zinashika hapo.

Kabla ya kuanza, hakikisha unavyo hivi

- Kingamwili unayoijaribu, na karatasi yake yenye namba ya bidhaa, namba ya loti, mnyama ilikotoka, ukolezi kwa mikrogramu kwa mililita, na sehemu ya protini inayoshikwa. Kama ukolezi haujaandikwa, mwandikie muuzaji akupe.
- Ubongo wa panya waliofutiwa jeni ya Aqp4 (tuwaite panya KO) na wa ndugu zao wa kawaida, watatu kwa watatu angalau. Panya hawa wapo tangu 1997, wanaishi na kuzaa, kwa hiyo maabara nyingi wanao. Huna haja ya kufuga: omba nusu ya ubongo iliyogandishwa na nusu iliyohifadhiwa kwa paraformaldehaidi. Hiki ndicho kitu muhimu kuliko vyote kwenye orodha hii.
- Kingamwili mbadala ya AQP4 inayoshika sehemu tofauti ya protini, ikiwezekana iliyotoka kwa mnyama tofauti.
- IgG (aina kuu ya kingamwili ya damu) ya kawaida ya mnyama yule yule aliyetoa kingamwili yako, kwa ajili ya kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia.
- Kingamwili ya pili yenye rangi, ile inayoshika kingamwili ya kwanza (yako), iliyosafishwa dhidi ya spishi nyingine. Zile za punda ni rahisi kuchanganya bila kugongana.
- Paraformaldehaidi asilimia 4 katika bafa ya fosfati molari 0.1, pH 7.4. Gramu 40 kwa lita. Pasha hadi nyuzi 60, ongeza matone ya sodiamu haidroksaidi mpaka maji yawe maangavu, kisha chuja na upime pH tena. Kazi hii ni ya ndani ya kabati la hewa chafu, si mezani.
- Sukrosi asilimia 30, PBS (bafa ya chumvi na fosfati), Triton X-100 (sabuni ya kutoboa utando wa seli), seramu ya kawaida ya punda.
- Bafa mbili za kufufua antijeni, yaani kuifungua tena protini iliyofungwa na paraformaldehaidi ili kingamwili iifikie. Ya sitreti: gramu 2.94 za sodiamu sitreti yenye maji mawili kwa lita, pH 6.0. Ya Tris-EDTA: gramu 1.21 za Tris na 0.37 za EDTA ya sodiamu kwa lita, pH 9.0.
- Vifaa vya bloti ya protini ile iitwayo Western (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hupakwa kingamwili), jeli ya asilimia 12.
- Tishu nyingine za panya wale wale: figo na misuli ya mguu (zina AQP4) na ini (la kulinganisha).

Hatua ya 1. Andika kazi kwa sentensi moja

Kingamwili haithibitishwi kwa jumla. Inathibitishwa kwa kazi fulani, kwenye spishi fulani, kwa namna fulani ya kuhifadhi tishu. Andika kitu kama hiki: "AQP4 kwenye vipande vya mikromita 40 vya ubongo wa panya mzima, paraformaldehaidi asilimia 4 usiku mmoja, floresensi." Ukibadilisha neno moja, ukahama kwenye parafini au kwenye tishu ya binadamu, unarudia sehemu inayohusika. Kingamwili inayofanya kazi safi kwenye bloti inaweza kushindwa kabisa kwenye kipande, kwa sababu bloti huifungua protini na paraformaldehaidi huifunga.

Hapo hapo andika masharti ya kufaulu, kabla hujaona picha yoyote. Kwa mfano: mikanda ya kDa 30 hadi 35 ipotee kwa panya KO, mwanga kwenye kipande cha KO usizidi ule wa kipande kisichopakwa kingamwili ya kwanza, kingamwili mbadala ionyeshe ramani ile ile. Ukiandika masharti baada ya picha, utajikuta unayalegeza.

Hatua ya 2. Jua inashika wapi

Kama epitopu, yaani sehemu inayoshikwa na kingamwili, iko kwenye asidi amino 22 za mwanzo, kingamwili yako itaona M1 peke yake na kuiacha M23. Hilo si kosa la kingamwili, ila ni kosa lako ukiripoti "AQP4 yote". Kama iko kwenye mkia wa C, utando lazima utobolewe kwa Triton, la sivyo haifiki.

Kisha linganisha epitopu na panya KO. Uliza ni eksoni (vipande vya jeni vyenye maelekezo ya protini) zipi zilizofutwa. Kama epitopu iko kwenye kipande kilichobaki, na seli bado inatengeneza protini iliyokatika, mwanga kwenye KO hautamaanisha kwamba kingamwili ni mbaya. Na kinyume chake. Swali hili huulizwa mara chache, nalo limewafanya watu watupe kingamwili nzuri.

Hatua ya 3. Gawa, weka, usigandishe mara mbili

Zungusha kichupa sekunde 30 kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, maana mabonge ya kingamwili ndiyo yanayokuja kuonekana kama nukta kali kwenye picha. Gawa mikrolita 10 kwa kila kijichupa na uweke nyuzi hasi 20. Ikiwa na gliseroli asilimia 50 haitaganda, iache hivyo hivyo. Andika loti kwenye kila kijichupa, si kwenye boksi peke yake.

Hatua ya 4. Anza na bloti, na usichemshe

1. Chukua ubongo uliogandishwa wa panya wa kawaida na wa KO, pamoja na figo, misuli na ini. Saga kwenye bafa yenye SDS (sabuni kali) asilimia 1 na vizuizi vya protiasi, kisha pima protini.
2. Changanya na bafa ya sampuli yenye DTT. Acha nyuzi 37 kwa dakika 20. Usipeleke nyuzi 95. AQP4 ni protini ya utando. Ikichemshwa hugandamana, inakwama juu ya jeli, na wewe unaandika kwenye daftari kwamba kingamwili haifanyi kazi.
3. Pakia mikrogramu 10 kwa kila njia. Weka njia moja ya ziada yenye sampuli ile ile iliyochemshwa, ujionee mwenyewe.
4. Hamisha kwenye utando, paka Ponceau (rangi inayoonyesha protini zote), piga picha. Picha hii ndiyo ushahidi kwamba njia ya KO ilikuwa na protini ya kutosha.
5. Ziba kwa maziwa asilimia 5 katika TBST (bafa ya Tris yenye sabuni kidogo) saa moja, kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye friji, osha mara tatu dakika 10, kisha ya pili saa moja.
6. Baada ya kupiga picha, paka utando ule ule kwa GFAP, karibu kDa 50. Kama GFAP ipo kwenye KO na AQP4 haipo, hakuna atakayedai kwamba astrosaiti zilipotea.

Tarajia mkanda mmoja au miwili kati ya kDa 30 na 35, wa chini ukiwa na rangi kali zaidi. Protini za utando mara nyingi hukimbia kwenye jeli tofauti kidogo na uzito wake halisi, kwa hiyo usihangaike na tofauti ya kDa mbili. Mkanda wa juu, karibu 60 au zaidi ya 100, unaweza kuwa AQP4 iliyoshikana. Utajuaje? Ukipotea kwenye KO ni AQP4. Ukibaki ni kitu kingine. Ndiyo sababu KO iko juu ya orodha.

Onyo: ukitumia kingamwili ya panya kwenye ubongo wa panya ambaye damu haikuoshwa, kingamwili ya pili itashika IgG ya panya mwenyewe. Utaona mikanda ya kDa 50 na 25 kwenye kila njia, KO ikiwemo.

Piga picha ya utando wote. Ukikata ukanda wa kDa 25 hadi 40 kabla ya kupaka, umejificha mwenyewe.

Hatua ya 5. Seli zilizoingizwa jeni

Hii ni hatua ya siku tatu na inafaa. Ingiza plasmidi (duara la DNA) ya AQP4-M23 yenye lebo kwenye seli za HEK293 (seli za binadamu za kukuzia maabarani), kisima kingine M1, kingine plasmidi tupu, na kingine AQP1. Hifadhi kwa paraformaldehaidi dakika 15 na upake kingamwili yako pamoja na kingamwili ya lebo. Seli zenye lebo ndizo ziwake, jirani zao zisiwake. AQP1 imo kwa sababu ni ndugu wa AQP4 aliyepo ubongoni, na ukiona seli zake zinawaka, simama hapo.

Usiishie hapa. Seli iliyojazwa protini kupita kiasi itawaka hata kwa kingamwili dhaifu, na haikuambii chochote kuhusu protini nyingine elfu kadhaa zilizoko kwenye ubongo halisi.

Hatua ya 6. Andaa ubongo ule ule kwa namna ile ile

Osha damu kupitia moyo kwa PBS baridi mpaka ini lipauke, ndipo upitishe paraformaldehaidi. Usiharakishe kuosha. Toa ubongo, uache kwenye paraformaldehaidi usiku mmoja kwenye friji, kisha sukrosi asilimia 30 mpaka uzame. Kata mikromita 40.

Panya wa kawaida na KO waandaliwe siku moja, kwa chupa moja ya dawa. KO iliyokaa kwenye paraformaldehaidi siku tano ikilinganishwa na ya kawaida iliyokaa usiku mmoja haithibitishi kitu, kwa sababu kufifia kunaweza kutoka kwenye dawa.

Hatua ya 7. Paka kisima kimoja, spishi moja, panya wa aina mbili

Hapa ndipo makosa madogo huzaa picha kubwa za uongo, kwa hiyo nenda polepole.

1. Chukua kipande cha panya wa kawaida na cha KO cha sehemu ile ile ya ubongo. Kwenye cha KO, tumia wembe kunyofoa kijipembe kidogo cha gamba upande wa kushoto. Sasa unaweza kuviweka kisima kimoja, vinywe dawa ile ile, na bado ukavitofautisha mwishoni. Visima viwili tofauti huwa na tofauti zake: kimoja kilikauka kidogo, kingine kilipata mikrolita pungufu.
2. Osha PBS mara tatu, dakika 5 kila mara.
3. Loweka kwenye glisini molari 0.1 dakika 20, kuzima aldehaidi iliyobaki.
4. Ufufuaji wa antijeni: jaribu njia tatu sambamba. Bila kufufua, sitreti pH 6.0, Tris-EDTA pH 9.0. Vipande vinavyoelea vipashe nyuzi 80 kwa dakika 30, acha vipoe vikiwa ndani ya bafa. Slaidi za parafini zinavumilia nyuzi 95 kwa dakika 20.
5. Ziba saa moja kwenye seramu ya punda asilimia 5 na Triton asilimia 0.3. Seramu inatoka kwa mnyama aliyetoa kingamwili ya pili, si ya kwanza. Kosa hili ni la zamani na bado linaendelea.
6. Kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye friji, sahani ikitikiswa taratibu.
7. Osha mara tatu, dakika 10. Kingamwili ya pili saa moja na nusu gizani. Osha tena, DAPI (rangi ya viini vya seli) dakika 5, panga kwenye slaidi.

Kontroli za lazima kwenye sahani hiyo hiyo:

- Kipande kisichopakwa kitu chochote, kuonyesha mwanga wa asili wa tishu.
- Kipande chenye kingamwili ya pili tu.
- Kipande chenye IgG ya kawaida kwa ukolezi ule ule wa mikrogramu na kingamwili yako. Kulinganisha "1:500" na "1:500" hakuna maana kama chupa moja ina miligramu 1 kwa mililita na nyingine 0.2.
- Ukichanganya rangi, kipande chenye kila rangi peke yake.

Na sasa ule mtego wa mwanzo. Kingamwili ya kloni moja iliyotengenezwa na panya, kwenye ubongo wa panya ambaye damu haikuoshwa vizuri: kingamwili ya pili inaenda moja kwa moja kwenye IgG iliyobaki ndani ya mishipa. Unapata mirija mizuri inayowaka ubongo mzima, sawasawa na AQP4 ya vitabuni. Chembe nyekundu zilizobaki nazo zinawaka zenyewe na kuongeza chumvi. Kontroli ya kingamwili ya pili tu hufichua ulaghai huu kwa dakika moja. Ukiweza, chagua kingamwili ya sungura kwa tishu za panya.

Kontroli ya peptidi, ile ya kuchanganya kingamwili na peptidi yake kabla ya kupaka, inapendwa kuliko inavyostahili. Inaonyesha kwamba kingamwili inashika peptidi, jambo ambalo ulilijua. Kama inashika pia protini nyingine kwa mkono ule ule, peptidi itazima vyote viwili na utafurahi bure. Ifanye kama huna KO, ila usiite ushahidi.

Hatua ya 8. Tafuta ukolezi kwa uwiano, si kwa mng'ao

Jaribu mikrogramu 2, 1, 0.5, 0.25 na 0.1 kwa mililita, kila kisima kikiwa na kipande cha kawaida na cha KO. Pima wastani wa mwanga kwenye eneo lile lile la gamba, toa thamani ya msingi ya kamera, kisha gawa kawaida kwa KO.

Kwa mfano, kwa mikrogramu 1 unapata 2400 dhidi ya 400: uwiano ni 6. Kwa 0.25 unapata 1500 dhidi ya 100: uwiano ni 15. Chukua 0.25, ingawa picha ya kwanza inang'aa zaidi. Wanaoanza karibu wote huchagua ya kwanza.

Hatua ya 9. Piga picha bila kujidanganya

Weka muda na nguvu ya mwanga kwa kutumia kipande cha kawaida, pikseli kali zaidi zisifike kikomo cha kamera. Zima urekebishaji wa kujiendesha. Halafu nenda kwenye KO na usiguse kitu. Programu nyingi za hadubini hunyoosha mwanga wa kila picha peke yake inapofunguliwa, kwa hiyo KO tupu inaonekana imejaa nyota. Weka mipaka ya kuonyesha iwe sawa kwa picha zote. Mwambie mwenzako afiche majina ya slaidi wakati unapima.

Pitia pia kina cha kipande. Kama mwanga uko mikromita chache za juu na chini na katikati ni giza, kingamwili haikupenya. Ongeza muda hadi usiku mbili, au kata vipande vyembamba zaidi.

Hatua ya 10. Soma ramani, hasa mahali pasipotakiwa kuwaka

Panapotakiwa kuwaka: mirija myembamba kuzunguka kapilari, mstari usiokatika chini ya utando wa nje wa ubongo, seli za ependima kwenye kuta za ventrikali, tabaka la chembechembe la ubongo mdogo.

Pasipotakiwa: miili ya niuroni, seli za Purkinje, na seli za pleksasi ya koroidi. Hii ya mwisho ni zawadi. Pleksasi inaning'inia ndani ya ventrikali, sentimita sifuri kutoka kwa ependima, na mlango wake wa maji ni AQP1. Ependima ikiwaka na pleksasi ikabaki nyeusi ndani ya picha moja, una kontroli chanya na hasi bila kuandaa kitu cha ziada.

Paka mshipa wenyewe kwa CD31 (protini ya ukuta wa mshipa) au lektini, na astrosaiti kwa GFAP. Ukikata mshipa kwa upana, duara la AQP4 linapaswa kukaa nje ya duara la mshipa. Usidai AQP4 ilingane na GFAP pikseli kwa pikseli: GFAP ni mifupa ya matawi makubwa na hujaza sehemu ndogo tu ya seli, na kwenye gamba la panya astrosaiti nyingi hazionyeshi GFAP kabisa.

Hatua ya 11. Lete kingamwili mbadala

Ishike sehemu nyingine ya protini. Mbili zinazoshika mkia wa C hazihesabiki kuwa mashahidi wawili. Zipake pamoja kama wanyama wao ni tofauti, au kwenye vipande vinavyofuatana. Zikikubaliana kuhusu mishipa lakini moja ikaonyesha pia viini vya niuroni, viini hivyo ni vya kuachwa.

Kwa tishu ya binadamu huna KO, kwa hiyo hatua hii inabeba mzigo mkubwa. Ongeza ulinganisho na RNA: pima mRNA ya AQP4 kwenye maeneo au tishu zenye viwango vinavyotofautiana sana, na uone kama protini kwenye bloti inapanda na kushuka vivyo hivyo.

Hatua ya 12. Andika, na uweke akiba

Namba ya bidhaa, loti, kloni, namba ya RRID (kitambulisho cha kimataifa cha vifaa vya utafiti) inayoanza na AB_, ukolezi kwa mikrogramu, muda wa paraformaldehaidi, namna ya kufufua. Hifadhi vipande vya kawaida na KO kwenye mchanganyiko wa gliseroli asilimia 30 na ethilini glikoli asilimia 30 katika bafa ya fosfati, nyuzi hasi 20. Loti mpya ikifika, chukua vipande viwili, rudia hatua ya 7. Kwa kingamwili ya kloni nyingi usiruke hili kamwe, maana loti mpya inaweza kuwa imetoka kwa sungura mwingine.

Kama protini yako ni nyingine

GFAP: nyuzi zake haziyeyuki kwenye dawa laini. Ukitupa mashapo baada ya sentrifuji umetupa GFAP, tumia SDS. Kwenye ubongo uliokaa kabla ya kuhifadhiwa, tarajia ngazi ya mikanda chini ya kDa 50, kwa sababu imekatwakatwa. Pima pia dhidi ya vimentini, nduguye.

EAAT2 (kisafirishi cha glutameti cha astrosaiti): usichemshe, sababu ile ile. Kwenye kipande inaonekana kama ukungu uliotanda kote, na wengi huutupa wakidhani ni uchafu. KO pekee ndiyo itakayokuambia.

ALDH1L1 (kimeng'enya cha astrosaiti): karibu kDa 99, na ini linayo tele. Kwa hiyo ini, ambalo kwa AQP4 lilikuwa la kulinganisha, hapa ni kontroli chanya.

Ukikwama

*Hakuna mwanga kabisa, bloti ni nzuri.* Fufua antijeni kwa pH 9.0. Bado? Angalia kama Triton iliwekwa, kisha jaribu tishu iliyokaa kwenye paraformaldehaidi saa 4 badala ya usiku mzima.

*KO inawaka sawa na ya kawaida.* Tazama kwanza kipande chenye kingamwili ya pili tu. Kikiwaka, tatizo ni kingamwili ya pili au IgG ya tishu. Kisipowaka, pima upya jeni za panya kwa PCR, maana lebo za mikia huchanganywa. Vyote vikiwa sawa, na epitopu imo kwenye sehemu iliyofutwa, kingamwili hiyo haifai kwa kazi hii.

*Chembechembe za rangi zote ndani ya niuroni, hasa ubongo wa mzee.* Hiyo ni lipofusini, mabaki ya uzee yanayowaka yenyewe, na kipande kisichopakwa kitakuonyesha hivyo hivyo. Sudan Black B asilimia 0.1 katika ethanoli asilimia 70, dakika 5 hadi 10, baada ya kingamwili zote. Usioshe kwa Triton baada yake, itaondoka.

*Kingo za kipande zinawaka kuliko katikati.* Kilikauka, au kilikunjwa kwenye kisima. Tupa.

*Mandhari yote ya kijivu unapotumia kingamwili ya pili dhidi ya mbuzi.* Toa albumini ya ng'ombe na maziwa kwenye bafa ya kuziba. Hubeba IgG ya ng'ombe, na kingamwili dhidi ya mbuzi huishika.

*Rangi ya kahawia ya peroksidesi haitokei.* Soma chupa ya bafa yako. Kama kuna sodiamu azaidi ndani yake, imeua kimeng'enya. Tengeneza nyingine isiyo nayo.

*Nukta kali zilizotawanyika ovyo, nje ya tishu pia.* Ni mabonge. Zungusha kingamwili ya pili kwa kasi dakika 10 na uchukue maji ya juu tu.

*Mikanda ya AQP4 ipo juu kabisa ya jeli.* Kuna mtu alichemsha.